Gaidi, Mhujumu au Mwanaharakati? Uhakiki wa Istilahi katika Habari za Watetezi wa Mazingira

Utangulizi

Habari nyingi za Ulaya na Marekani huingia katika vyumba vyetu vya habari zikiwa zimekwisha kupewa majina na wale walioziandika kwanza. Kazi ya mfasiri wetu, ambaye aghalabu hupewa muda mfupi sana kabla ya taarifa kusomwa, ni kuyavika majina hayo vazi la Kiswahili. Makala hii ina madhumuni ya kuhakiki namna fungu moja la habari hizo linavyoandikwa, nalo ni habari za watu wanaovunja sheria kwa kusudi la kutetea misitu, wanyama, maji au hali ya hewa. Vyombo vingi vya habari, kwa kufuata kauli za polisi, mawaziri na waendesha mashtaka, vimewaita watu hao magaidi, na vitendo vyao ugaidi.

Hatukusudii kuwatetea watu hao, wala kuwahukumu. Tunauliza swali moja tu: neno tulitumialo linaeleza jambo lililotendeka, au linaeleza hasira ya mtu aliyelitamka? Swali hili haliwahusu wanahabari peke yao. Mtumishi wa serikali anayetafsiri hati ya mashtaka, na mwalimu anayewafundisha wanafunzi kusoma gazeti, wote wanalihitaji jibu lake. Istilahi isiyopimwa hutoa hukumu kabla ya hakimu kuketi.

Uzito wa neno gaidi katika lugha yetu

Neno gaidi si geni katika Kiswahili. Wazee walilitumia kwa mnyang'anyi wa njiani mwenye silaha, mtu avamiaye misafara na kupora mali. Maana yake ya leo, yaani mtu auaye na kutisha umma kwa sababu ya siasa au itikadi, imekua juu ya maana hiyo ya awali, na sasa imekaribia kuifunika kabisa.

Historia yetu imetuonyesha jinsi jina la aina hii linavyogawiwa. Katika miaka ya 1950 Serikali ya Kikoloni ya Kenya iliwaita wapiganaji wa Mau Mau magaidi katika hati na matangazo yake ya Kiingereza. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, na mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilitangaza kusikitishwa kwake na mateso ya wakati ule, ikakubali kuwalipa fidia wahanga 5,228. Wareno nao waliwaita hivyo hivyo wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Lakini redio na magazeti ya Tanzania hayakuufuata msamiati wa Wareno. Yaliwaita wapigania uhuru. Yafaa ikumbukwe pia kwamba jina la Nelson Mandela liliondolewa katika orodha ya Marekani ya watu wa kuangaliwa kwa ajili ya ugaidi mwaka 2008 tu, miaka 14 baada ya yeye kuwa Rais wa nchi yake. Basi sisi tulio wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya kulipima jina hili kila linapoletwa kwetu na mwenye nguvu.

Walakini tuna sababu nyingine, iliyo nzito zaidi. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani huko Nairobi na Dar es Salaam, yakaua watu 224. Mwaka 2013 watu 67 waliuawa katika jengo la maduka la Westgate. Mwaka 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Tangu hapo neno gaidi limekoma kuwa istilahi tupu masikioni mwa msikilizaji wa Afrika Mashariki. Linapotamkwa redioni, anaona maiti, anasikia vilio, anakumbuka jamaa aliyekwenda kazini asirudi. Uzito huu ndio tunaotaka mfasiri auhisi mkononi kabla hajaliweka neno hilo juu ya mtu.

Neno lilivyozaliwa ng'ambo

Huko Marekani, neno linalounganisha ugaidi na mazingira huhusishwa kwa kawaida na Ron Arnold, aliyeliandikia makala katika jarida la Reason mwaka 1983. Bwana huyo hakuwa mtazamaji wa mbali. Alikuwa mtetezi mashuhuri wa wenye viwanda vya mbao na wa wote waliopinga sheria za kuhifadhi mazingira. Maana aliyolipa neno hilo ilikuwa pana kiasi kwamba uhalifu wowote uliotendwa kwa nia ya kuokoa maumbile ungeweza kuingia humo. Msomaji atambue jambo hili: istilahi hii haikutoka katika mizani ya wanasheria wala ya wanaleksikografia. Ilitoka katika upande mmoja wa ugomvi, ikapita magazetini, hatimaye ikaingia katika hati za serikali.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kweli. Kundi la Earth First! lilianzishwa mwaka 1980, na baadhi ya wafuasi wake walipiga misumari katika miti ili isipasuliwe, wakaharibu matingatinga na mashine za kukatia magogo. Mwaka 1992 kundi la siri liitwalo Earth Liberation Front lilizaliwa Uingereza, kisha likahamia Marekani na kufanya uchomaji moto kuwa mbinu yake kuu. Tarehe 19 Oktoba 1998 watu wake walichoma majengo na mitambo ya kampuni ya mchezo wa kuteleza juu ya theluji huko Vail, Colorado, wakidai kwamba upanuzi wa kampuni hiyo ungewaondolea makao paka-mwitu wa milimani. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 12. Hakuna aliyekufa.

Tunaomba tarehe hiyo iangaliwe vizuri. Moto wa Vail uliwaka siku 73 baada ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam. Matukio yote mawili yameandikwa kwa neno lile lile la Kiingereza, na mfasiri wa Kiswahili anayefuata neno kwa neno atayaandika yote mawili kwa neno lile lile la Kiswahili. Hapo ndipo lugha inapoacha kupambanua, na lugha isiyopambanua haimpi msomaji habari.

Mwezi Februari 2002 ofisa wa Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, aliliambia Bunge la nchi hiyo kwamba makundi yanayotetea wanyama na mazingira yalikuwa yametenda makosa zaidi ya 600 tangu mwaka 1996, na kuleta hasara ya zaidi ya dola milioni 43. Mwezi Mei 2005 ofisa mwingine wa shirika hilo aliliambia Baraza la Senate kwamba watu hao ndio tishio la kwanza la ugaidi wa ndani ya nchi. Kauli hiyo ilitolewa miaka 10 tu baada ya jengo la serikali la Oklahoma City kulipuliwa na Wamarekani wenye chuki na serikali yao, wakaua watu 168. Mioto iliyodaiwa na Earth Liberation Front nchini Marekani haikuua mtu hata mmoja.

Tusisahau, hata hivyo, kwamba yuko aliyestahili jina hilo. Theodore Kaczynski, aliyetuma mabomu kwa posta kati ya mwaka 1978 na 1995 kwa kuchukia jamii ya viwanda, aliua watu 3 na kujeruhi 23, na marehemu wa mwisho alikuwa kiongozi wa chama cha wenye viwanda vya misitu. Huyo alikusudia kuua na kutisha. Kumwita gaidi ni kueleza alichofanya. Kosa la magazeti ni kumweka yeye na aliyejifunga mnyororo kwenye mti katika sanduku moja.

Magazeti na kauli za wakubwa

Tukichunguza habari za miaka 40 iliyopita, twaona kasoro inayojirudia. Mwandishi huipokea kauli ya kwanza ya mwenye mamlaka, huiweka katika kichwa cha habari bila kusema ni ya nani, na ukweli unapodhihirika baadaye huandikwa kwa herufi ndogo katika ukurasa wa ndani.

Mfano wa kwanza ni wa Judi Bari, kiongozi wa Earth First! huko California. Tarehe 24 Mei 1990 bomu lililotegwa katika gari lake lililipuka mjini Oakland, likamjeruhi vibaya nyonga. Polisi na FBI walisema kwamba yeye na mwenzake walilibeba bomu hilo kwa kujua, na wakawakamata. Habari zikaenea kama zilivyotolewa. Mwendesha mashtaka hakuwafungulia kesi kwa sababu ushahidi haukuwapo. Bi. Bari alifariki kwa saratani mwaka 1997. Mwaka 2002 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba haki zao zilivunjwa, likaamuru walipwe dola milioni 4.4. Mwenye kujeruhiwa aliitwa mlipuaji, na fidia ilipofika, alikuwa amekwisha kuzikwa.

Mfano wa pili ni wa meli ya Rainbow Warrior ya shirika la Greenpeace, iliyozamishwa kwa mabomu bandarini Auckland tarehe 10 Julai 1985. Mpigapicha mmoja alikufa. Waliotega mabomu hayo walikuwa majasusi wa Serikali ya Ufaransa, ambayo ilikerwa na upinzani wa shirika hilo dhidi ya majaribio yake ya nyuklia. Hapa mabomu yapo, maiti yupo, na kusudi la kisiasa lipo. Waziri Mkuu wa New Zealand, David Lange, hakusita kuliita jambo hilo ugaidi wa dola. Lakini ni magazeti mangapi ya nchi kubwa yanayoliita hivyo kwa kawaida, kama yanavyomwita hivyo kijana aliyechoma tingatinga? Istilahi inayomshika mnyonge na kumwachia mkubwa ina kasoro katika mizani yake.

Mfano wa tatu uko karibu nasi zaidi, ingawa neno lenyewe halikuwa hili. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, Nairobi. Jengo hilo lilikuwa liwe makao ya Kenya Times, gazeti la chama tawala cha KANU. Wabunge walimkejeli, na shirika lake likatolewa katika ofisi za serikali. Mradi uliachwa, bustani ikabaki, na mwaka 2004 Profesa Maathai akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Katika ugomvi huo gazeti lilikuwa mmojawapo wa wagomvi. Mhakiki wa habari hana budi kuuliza kila mara kama mwandishi anasimama pembeni, au ana kiwanja chake mle bustanini.

Mfano wa nne ni wa Atlanta, Marekani. Tangu mwisho wa mwaka 2022 watu zaidi ya 40 walishtakiwa kwa ugaidi wa ndani ya nchi, chini ya sheria ya Jimbo la Georgia, kwa kupinga kukatwa kwa msitu ili kujenga chuo cha mafunzo ya polisi. Miongoni mwao walikuwamo walioshutumiwa kurusha mawe na chupa za moto. Walikuwamo pia ambao hati zao za kukamatwa hazikutaja kosa mahususi zaidi ya kuingia mahali bila ruhusa. Sheria iliyotumiwa ilipanuliwa mwaka 2017, baada ya kijana mbaguzi wa rangi kuwaua Waamerika Weusi 9 kanisani Charleston mwaka 2015, na waliopendekeza kuipanua walitoa mauaji hayo kuwa sababu. Kabla ya hapo ilihitaji kusudi la kuua au kudhuru watu wasiopungua 10. Baada ya hapo iligusa pia uharibifu wa mali na miundombinu. Muuaji wa Charleston mwenyewe hakushtakiwa kwa ugaidi. Alishtakiwa kwa mauaji na kwa makosa ya chuki. Hivyo jina lililotafutwa kwa ajili ya muuaji likawaangukia watu wa msituni, na mwandishi anayesema tu kwamba magaidi wamekamatwa Atlanta amemficha msomaji wake historia hiyo yote.

Mjadala wa Ulaya

Huko Ulaya mjadala umekuwa wa lugha hasa. Mwezi Oktoba 2022 waandamanaji wa Ufaransa walipambana na polisi huko Sainte-Soline, wakipinga kujengwa kwa mabwawa makubwa ya maji ya kilimo. Waziri wa Mambo ya Ndani, Gérald Darmanin, aliwashutumu baadhi yao kwa ugaidi wa mazingira. Mwezi Juni 2023 Serikali iliuvunja muungano ulioitwa Les Soulèvements de la Terre. Mwezi Novemba mwaka huo huo Conseil d'État, mahakama ya juu ya masuala ya utawala, iliifuta amri hiyo. Mahakama haikusema kwamba watu hao hawana kosa. Ilikubali kwamba walichochea uharibifu wa mali, lakini ikaona kwamba kuuvunja muungano wao kulizidi kiasi. Hiyo ni lugha ya upimaji ambayo tungependa kuiona katika vichwa vya habari.

Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Kila mwaka jopo la wataalamu wa lugha nchini humo huchagua neno moja lisilofaa, ili umma ulitafakari. Kwa mwaka 2022 walichagua neno Klimaterroristen, yaani magaidi wa hali ya hewa, walilopachikwa vijana waliokuwa wakijigundisha barabarani kwa gundi. Sababu yao ilikuwa kwamba neno hilo linaufananisha ukaidi usiotumia silaha na vitendo vya kuua na kutisha watu. Tunalitaja jambo hili kwa sababu limetoka kwa watu wa kazi yetu. Wanaisimu hawakungoja mahakama. Walisema kwamba neno lenyewe ni bovu.

Upande wa pili wa mizani

Ingekuwa dhuluma ya namna nyingine kama mfasiri, kwa kulikimbia neno gaidi, angekimbilia maneno laini yasiyosema kitu. Mwezi Mei 2001 watu wa Earth Liberation Front walichoma jengo la kilimo cha bustani la Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, wakimlenga mtafiti mmoja wa miti. Moto haukuichagua ofisi moja. Uliharibu maktaba, kazi za watafiti wengine na mimea adimu iliyokuwa ikitunzwa isipotee duniani. Kuliita jambo hilo maandamano, au kuwaita waliolitenda wapenda mazingira tu, ni uongo. Anayewasha moto usiku hana njia ya kuwa na hakika kwamba hakuna mlinzi aliyelala ndani, na wazima moto huyahatarisha maisha yao vivyo hivyo.

Hata jina la kundi lenyewe ni mtego. Mfasiri anayeliita Chama cha Ukombozi wa Dunia huwavika waliochoma maktaba vazi la FRELIMO. Ukombozi ni neno lenye damu na heshima katika nchi iliyoweka makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kama tusivyokubali kupokea jina kutoka kwa polisi bila kulipima, ndivyo tusivyopaswa kulipokea kutoka kwa wenye kundi. Jina rasmi na liachwe kama lilivyo, kisha kazi ya kundi ielezwe kwa maneno wazi.

Istilahi tunazopendekeza

Kwa kuzingatia hayo, twatoa mapendekezo yafuatayo, tukiomba wasomaji wayapime.

Kwanza, kitendo kitajwe kabla ya jina. Kiswahili kina maneno ya kutosha: kuandamana, kukalia barabara, kuvamia kiwanja, kuharibu mashine, kuchoma moto kwa makusudi, kutega bomu, kuua. Kila moja lina kiwango chake cha uzito, na msomaji atajua mwenyewe amchukie mtendaji kwa kiasi gani.

Pili, kwa uharibifu wa mali unaokusudiwa kuzuia kazi ya mwingine, tunalo neno hujuma, na mtendaji wake ni mhujumu. Neno hilo limetoka katika maana ya shambulio la ghafla, nalo linalingana na vitendo vingi vya makundi haya kuliko ugaidi. Lakini nalo litumiwe kwa uangalifu. Wasomaji wa Tanzania hawajasahau kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, ambapo jina hilo lilimfika mtu kabla ya kesi yake. Jina la kosa lisigeuzwe kuwa jina la mtu mpaka mahakama imeamua.

Tatu, istilahi ugaidi wa mazingira ina utata wa kisarufi. Kiunganishi cha -a hakisemi kama ugaidi huo unatendwa kwa ajili ya mazingira au dhidi ya mazingira. Mwaka 1991 majeshi ya Irak yalichoma visima vya mafuta zaidi ya 600 huko Kuwait, na Rais wa Marekani akavituhumu vitendo vyao kuwa ugaidi dhidi ya mazingira. Maana hizi mbili ni kinyume kabisa. Pale ambapo mfasiri hana budi kuinukuu istilahi hiyo, na aandike ugaidi unaodaiwa kutendwa kwa jina la mazingira, aseme pia ni nani anayedai.

Nne, ugaidi wa ndani ya nchi usiandikwe ugaidi wa nyumbani. Neno la Kiingereza lina maana zote mbili, ya nyumba na ya nchi, na msikilizaji wetu aliyezoea kusikia habari za ukatili wa majumbani atafikiri kwamba mume amempiga mkewe.

Tano, maneno siasa kali na msimamo mkali yamekwisha kuzoeleka kwa makundi yenye silaha. Yakiwekwa mbele ya mwanaharakati wa mazingira, humhukumu kabla ya kitenzi kufika. Afadhali kusema wanaharakati wanaokubali kuvunja sheria, ikiwa ndivyo walivyo. Kadhalika, kwa kuvunja sheria hadharani bila silaha, wengine husema uasi wa raia. Uasi ni neno la kuinua silaha dhidi ya dola. Twapendekeza ukaidi wa raia.

Sita, watafsiri wa hati za mahakama watenganishe shtaka, hukumu na nyongeza ya adhabu. Sheria ya Marekani ya mwaka 2001 imeufafanua ugaidi wa ndani ya nchi kuwa vitendo vya hatari kwa maisha ya binadamu vyenye kusudi la kutisha umma au kuishurutisha serikali, lakini sheria za shirikisho hazina kosa linalojitegemea lenye jina hilo. Wanawake wawili walioharibu bomba la mafuta la Dakota Access huko Iowa mwaka 2016 na 2017 walikiri kosa la kula njama ya kuharibu mtambo wa nishati. Mmoja wao alihukumiwa miaka 8 mwaka 2021, baada ya hakimu kutumia kanuni inayoongeza adhabu kwa sababu ya ugaidi. Anayeandika kwamba alipatikana na hatia ya ugaidi amekosea kisheria. Sahihi ni kusema kwamba alikiri njama ya kuharibu mtambo, na adhabu yake ikaongezwa kwa kanuni ya ugaidi. Sentensi hiyo ni ndefu kidogo, lakini ndiyo ya kweli.

Hatua hizi si ngeni. Mwongozo wa wahariri wa BBC, ambalo Idhaa yake ya Kiswahili imesikika kwetu tangu mwaka 1957, huwashauri waandishi wasilitumie neno hili bila kumtaja aliyelisema, na watangulize maneno yanayoeleza kitendo. Nayo Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 imeuweka kando uvurugaji wa huduma utokanao na upinzani, maandamano au mgomo, maadamu haukukusudiwa kuleta madhara ya namna iliyotajwa humo. Ikiwa mtunga sheria ameona haja ya kupambanua, sembuse mtunza lugha?

Hitimisho

Huenda msomaji akauliza kuna faida gani kuhangaika na jina la watu wa Colorado na Sainte-Soline. Faida ni kwamba istilahi haziketi zilikozaliwa. Neno tulizoealo kuwaita wa mbali, tutakuwa nalo mdomoni siku tutakapoletewa habari ya mwanakijiji wa kwetu aliyelala mbele ya tingatinga ili chanzo chake cha maji kisifukiwe. Siku hiyo mhariri hatakuwa na muda wa kutafakari. Atalichukua neno lililo karibu.

Yako pia madhara ya upande wa pili, yasiyotajwa sana. Jina likigawiwa kwa kila mkaidi, hupungua uzito kwa muuaji. Waliofiwa Nairobi, Dar es Salaam na Garissa wana haki ya kuona kwamba neno linaloeleza walichotendewa halitumiki kwa gundi na minyororo.

Wahenga wamesema, Mgala muue na haki yake mpe. Aliyechoma moto mali ya mtu na ashtakiwe, ahukumiwe, afungwe kwa kuchoma moto. Kazi ya mahakama ni kumpa adhabu yake. Kazi yetu sisi watafsiri, walimu na watumishi wa umma ni kumpa jina lake, lisilozidi wala kupungua.